Corbridge Jumamosi: tunaanzia kwenye maghala

Ndugu wanakikundi, salaam. Stesheni ya Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, iko upande wa kusini wa mto Tyne, na kutoka hapo hadi kwenye magofu ya mji wa Warumi ni kilomita mbili na ushei kwa miguu. Vaeni viatu imara.

Tutaanza na maghala ya nafaka, maana ndiyo yenye mengi. Sakafu yake ya mabamba ya mawe imeinuliwa juu ya vikuta vifupi, na chini ya kuta za nje kuna matundu ya hewa. Inameni mchungulie. Matundu yakiziba, unyevu hupanda na nafaka huvunda, na chakula cha askari wa mpaka wa dola ya Warumi kilikuwa humo.

Ng'ambo ya barabara kuu mtaona kuta zinazopanda na kushuka kama mawimbi. Si tetemeko: mji ulijengwa juu ya ngome za awali, za kuanzia takriban mwaka 85 BK, na udongo uliojaza mahandaki yake ukatitia, ukavuta misingi. Tafadhali msizikanyage.

Makumbusho msiyapite mbio. Sanduku lililofukuliwa mwaka 1964 lilikuwa na zana, misumari na deraya (mavazi ya vita) za chuma. Kwa deraya hizo wataalamu walielewa jinsi mabamba yake ya chuma yalivyoshikizwa kwa kanda za ngozi. Atakayechelewa atukute maghalani.