Matanga makuukuu ya Mtera yasitupwe

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtera, upande wa Mpwapwa. Nimezaliwa Kilwa Kisiwani, ambako marehemu baba yangu alishona matanga ya majahazi, na huku bara nimemfuata mume wangu mvuvi. Wengi wakisikia Dodoma huwaza zabibu na vumbi. Bwawa la Mtera hulikumbuka umeme ukipungua, lakini sisi ndimo tunamopata riziki. Leo nawaomba wavuvi wa hapa wasitupe matanga makuukuu, kwani humo hutoka tanga dogo la siku ya upepo mkali.

Kila nikisoma habari ya mtumbwi kuzama nakuta maneno yale yale: "ulipigwa na upepo mkali". Habari inaishia hapo. Hakuna anayeuliza mtumbwi ule ulibeba tanga la ukubwa gani.

Mwaka juzi mvua za kwanza zilipoanza, mume wangu na shemeji yangu walikuwa wanarudi na perege. Maji yalitulia kabisa. Likasimama wingu jeusi upande wa Iringa, na kabla hawajamaliza kuvuta wavu wa mwisho upepo ukawafikia. Tanga lao lilikuwa moja tu, la pande futi 16, 14 na 12. Walipotaka kulishusha henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ikakwama, mtumbwi ukalala. Walining'inia kwenye mti mkavu, mmojawapo wa ile iliyosimama majini tangu bonde lizibwe, mpaka usiku wa manane. Mimi nilikuwa ufukweni na taa, nikijua kesho nakaa matanga. Walirudi hai. Nyavu zilipotea zote.

Pwani tuna dawa ya kale ya jambo hili. Tanga la jahazi halipunguzwi likiwa juu. Upepo wa kusi ukikaza, mabaharia hushusha foromali, ule mti unaobeba tanga, hufungua tanga kubwa na kufunga dogo. Na lile dogo baba alilipata kwenye tanga lililochakaa, ndiyo maana nyumbani kwetu hapakutupwa kitambaa.

Hesabu yake aliniambia hivi: upepo ukienda kasi mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Basi kata kila upande nusu, yaani futi 8, 7 na 6, nawe utabaki na robo ya tanga. Msukumo unarudi pale pale ulipozoea.

Kabla ya kukata, litandaze tanga kuukuu kwenye mchanga, kisha liinue juani uone mwanga unapenya wapi. Ukingo wa nyuma, ule unaopigapiga, huwa umekwisha. Palipokuwa panasugua mlingoti pia pamekwisha. Kitambaa kizima mara nyingi kipo katikati. Kwaruza mishono kwa ukucha. Uzi ukikatika, fumua wote, kwa sababu uzi hukaa juu ya kitambaa na jua huula kwanza. Nimeona matanga ya maradufu, kitambaa kile kizito, yenye nguo nzima kabisa lakini mishono imekuwa unga.

Ukipanga kipande chako, nyuzi za kitambaa zifuate ukingo wa nyuma. Ukikata mshazari, ukingo ule utavutika kama mpira na tanga litafanya tumbo, na tumbo ndilo adui. Tanga la siku njema tunalipa tumbo makusudi. Hili liwe bapa kama mlango. Ukingo wa nyuma ubonyezwe ndani kwa vidole vitatu ili usipigepige. Kila pembe itiwe viraka vitatu, cha chini kikubwa kuliko cha juu, ili mvuto usiangukie mshono mmoja. Halafu shonea kamba kuzunguka pindo lote, kwa mkono, kwa sindano ya magunia. Cherehani yangu haiwezi kazi hiyo na wala siilazimishi.

Mimi huongeza kiraka kikubwa chekundu. Maji yetu ni ya udongo na miti ile ni ya kijivu; anayekutafuta atauona wekundu.

Na tafadhali, wavuvi wenzetu, tanga hilo lifungwe kwenye foromali yake fupi mkiwa bado nchi kavu, likunjwe, lilale miguuni. Mwenye kulifunga wakati mawimbi yanaingia ndani hatalifunga.

Wakaguzi wakifika mwaloni hupima macho ya nyavu na kuuliza maboya. Ni vizuri. Naomba waulize pia tanga la pili. Nawe Mhariri, mwandishi wako akija kwetu tena, amuulize aliyeokoka alikuwa na matanga mangapi.

Mawingu yetu huanza kujikusanya Novemba. Mwenye tanga kuukuu aniletee kabla ya hapo. Uzi wa nailoni ninao, kamba aje nayo mwenyewe.

Fundi cherehani,
Mtera, Dodoma