Kwa vijana mliovunja kikundi kwa ajili ya kamera

Wanangu,

Nimesoma yote mliyoandikiana kwenye kundi la WhatsApp kabla hamjaanza kujitoa mmoja mmoja. Mswada upo, waigizaji wapo, nyumba ya kurekodia mmepewa bure. Filamu imekufa kwa sababu hamkuelewana mkodi kamera ipi. Mmoja wenu akaniandikia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, bila kamera ya maana tutachekwa." Marahaba. Sasa nisikilizeni.

Yuko mwanamama Mmarekani Mweusi anaitwa Cauleen Smith, aliyezaliwa California mwaka 1967. Mngekuwa mnamjua, nisingehangaika na barua hii. Mwaka 1992 alitoa filamu ya dakika 6 hivi, Chronicles of a Lying Spirit (by Kelly Gabron). Ndani yake mna picha zilizokatwakatwa na kubandikwa, maandishi, na sauti mbili: mwanamke Mweusi anasimulia maisha yake, na mwanamume anasimulia maisha hayohayo juu ya sauti yake, mpaka mama wa watu humsikii vizuri. Kisha filamu inaanza upya, picha zilezile, na safari hii sauti ya mwanamke inajitokeza. Basi. Mkasi, gundi na akili.

Halafu ikaja filamu ya Drylongso ya mwaka 1998, aliyoitengeneza katika mji wa Oakland, California, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA. Humo mna binti anaitwa Pica, anasomea upigaji picha. Anazunguka mtaani na Polaroid, kamera inayotema picha papo hapo, akiwapiga picha vijana wa kiume Weusi, kwa hofu kwamba wanauawa na kufungwa mpaka siku moja hatabaki hata mmoja. Mwalimu anamsakama alete picha za kamera ya milimita 35, ile ya mkanda wa negativu, kama wenzake. Binti hana. Anaendelea na Polaroid yake.

Hapo tulieni kidogo, maana ndipo ninapotaka mfike. Mimi nimekuwa mhariri tangu enzi za kukata mkanda kwa wembe, kwa hiyo najua negativu ni nini: ukiwa nayo, unasafisha nakala mia. Picha ya Polaroid haina negativu ya kuhifadhi. Inatoka papo hapo, nakala moja, ikipotea imepotea. Sasa mfikirie yule kijana aliye kwenye picha. Naye si yuko mmoja tu? Kamera ile ya bei rahisi ndiyo iliyolingana na jambo lenyewe, na ile ya mwalimu ingeliharibu. Ninyi mmegombana juu ya lenzi wiki nzima, na katika ujumbe wote ule sikuona hata mmoja aliyeuliza hadithi yetu inataka kuonwa kwa jicho gani.

Kuchekwa! Nani awacheke? Wale wanaotazama filamu za kutafsiriwa kwenye vibanda, picha imechakaa mpaka sura haionekani, na bado hawabanduki? Watu wetu wanastahimili picha mbaya. Wasichostahimili ni kutosimuliwa kitu.

Sitawadanganya kwamba mambo yalimnyookea. Drylongso ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance huko Marekani mwaka 1999, ikasifiwa, mwenyewe akapewa tuzo ya msanii wa kuangaliwa. Wenye pesa wakamwangalia kweli, wakaishia kuangalia. Mpaka filamu ile isafishwe na kurudi kwenye majumba ya sinema ilikuwa 2023, robo karne imepita. Hilo linaniuma, na kwetu si tofauti. Jamii yetu inachangia harusi mamilioni bila kunung'unika, lakini mwombe mtu huyohuyo elfu kumi ya filamu, atakuuliza itawekwa lini YouTube aitazame bure. Ofisini wanakudai kibali kabla hawajakuuliza unasimulia nini. Kisha tunalalamika watoto wetu hawajijui.

Alichofanya Cauleen ni kutokaa mlangoni kusubiri. Alifundisha. Akahamia Chicago, akachukua bendi ya matarumbeta ya wanafunzi wa sekondari ya Rich South, akawapeleka uwanja wa mtaa wa Wachina wapige wimbo wa Sun Ra, yule mwanajazi aliyeshikilia kwamba ametoka sayari ya Zohali. Mvua ikawanyeshea, wakapiga hivyohivyo, yeye akarekodi. Mwaka 2015 alianza kuchora majalada ya vitabu anavyoona watu wavisome, michoro 57. Mwaka 2017 mabango yake ya mahameli na satini, yaliyoshonwa kwa mkono, yalitundikwa kwenye maonyesho ya makumbusho ya sanaa ya Whitney huko New York. Filamu, sindano, penseli, tarumbeta: kwake zote ni kazi moja.

Mengine nayataja tu, sina nguvu ya kuyahubiri. Wekeni nakala za kazi yenu sehemu tatu. Andikianeni mkataba hata kama ni ndugu. Someni. Dada zenu wa kikundi si wapishi wa siku ya kurekodi. Simu mlizo nazo zinatosha kwa mswada ule, na kama hazitoshi, badilisheni mswada. Na wale wapiga ngoma mliowaahidi, walipeni siku hiyohiyo wakimaliza. Mkiwakopa, uzinduzi fanyeni bila mimi.