Mdogo wangu, hiyo si malaria

We mtoto, jina lako silitaji na mtaa siutaji, Tanga hii mko wengi, kila mmoja atajijua mwenyewe.

Mwezi huu umekuja maabara kwetu mara tatu. Kichwa, tumbo, moyo unakwenda mbio, usingizi hamna. Mara zote kipimo nimekisoma kwa macho yangu, mstari mmoja tu, malaria hakuna, na bado ukapitia dukani kununua dawa maana bibi kasema vipimo vya siku hizi vinadanganya. Akakupa na kombe, yale maji ya aya, ukanywa, mimi kwenye kombe sina neno, ila nilipokuuliza tumbo linaanza lini ukasema Jumapili jioni. Malaria gani hiyo inajua ratiba ya shule?

Najua inapotoka. Moku, ule mtihani wa majaribio, imerudi, kemia una S, hatua moja tu juu ya kufeli, mtihani wa NECTA wa fomu siksi mwezi wa tano, na baba pale kwa muuza kahawa Ngamiani keshakuita "dokta wangu" mbele ya watu wazima wenzie. NECTA wenyewe, baraza la mitihani, tangu 2023 wameacha kutangaza kumi bora, sisi kwenye grupu la ukoo bado tunatangaza, fulani wani, fulani ziro, na emoji juu.

Nami nilipita humo humo. PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia, miguu kwenye beseni la maji baridi nisisinzie, napiga msuli mpaka adhana ya alfajiri na ukurasa ni ule ule tangu saa sita, nikija kushika peni kwenye chumba cha mtihani topiki nzima imefutika. E mbili na S, divisheni thrii. Baba wiki mbili hakunisemesha. Leo cheti changu cha fomu foo ndo kilichonipeleka diploma ya maabara, na mgonjwa wa kwanza kumleta alikuwa yeye.

Ila sikuanza kuandika kwa ajili ya hayo. Ni ile meseji yako ya saa nane usiku, "dada nimechoka natamani nilale nisiamke", asubuhi ukasema ulikuwa unatania. Mimi sijaichukua kama utani. Sijakasirika pia. Na usiogope kwamba ukisema utapelekwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, najua ndo matani yetu huku toka utotoni na hata mimi nimeyatania sana, nayajutia, mtu anaongea na daktari akarudi nyumbani kula wali kama kawaida. Ikikujia tena usingoje kukuche, nipigie, simu sizimi. (Na mwanafunzi mwingine unayesoma hapa huna dada, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.)

Jumamosi nakufuata asubuhi. Daktari nishaongea naye, nitakaa nje wewe uingie peke yako, tukitoka tunashuka Raskazone kula mihogo, madesa uyaache ndani. Baba akiuliza mwambie dada ananipeleka kupima. Hayo mengine ya udokta nitamfuata mimi huko huko kwenye kahawa.