Kromoli sio bomba la maji jamani

Mhariri salaam,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana vijana wa hapa Chumbageni wamenichosha, kila nikipita naitwa "mzee wa mabomba", kisa nimetengenezewa baiskeli ya mlimani ya chuma kiitwacho kromoli, wao wanakiona bomba la maji, na fundi wa hukuhuku Ngamiani badala ya kununua ya aluminiamu. Nimebishana nao kijiweni mpaka kahawa imepoa, sasa niseme mara moja wote wasikie.

Ya aluminiamu nilikuwa nayo. Miaka mitatu nimepanda nayo milima ya Amani, natokea Muheza alfajiri napandisha ile barabara ya vumbi mpaka kwenye mashamba ya chai, raha tupu, halafu siku moja nateremka nikasikia kah! kwenye bomba la nyuma upande wa cheni, kuangalia ufa umezunguka nusu. Nikaikokota mpaka Muheza, mafundi watatu wote wakatikisa kichwa. Na sio kwamba hawajui kazi, aluminiamu inataka mashine ya kuchomelea ya tigi na gesi ya argoni, na hata ukiichomelea vizuri kando ya mshono inalegea, mpaka uipitishe tena kwenye tanuri kwa joto lake. Nani ana tanuri hilo Muheza? Ikaishia kwenye skrepa.

Ndo nikaamua chuma, mbele shokapu, nyuma kavu haina kitu, vitu vichache vya kuharibika. Ila sio chuma cha kitanda wala bomba la maji! Ni kromoli, inaandikwa 4130, chuma kilichotiwa kromiamu kama asilimia 1 na molibdenamu kidogo sana, ndo maana bomba linakuwa jembamba na bado lina nguvu. Yangu unene wa ukuta wa bomba katikati ni milimita 0.6, ncha zote mbili 0.9 kwasababu kwenye ncha ndo kunapigwa moto na ndo kunabeba mzigo. Kabla sijaagiza ya kweli nje, kuna duka liliniuzia mabomba yenye stika kabisa ya kromoli, fundi akakata kipande akakibana kwenye jiliwa akakivuta kidogo tu kikajikunja kama chapati, hela ikawa imekwenda hivyo.

Ramani tuliichora kwa chaki sakafuni, saizi yenyewe. Hapo tukachemka. Bomba la usukani tulililaza nyuzi 66 tukafurahi, usiku nikiwa kitandani ndo nikakumbuka shokapu ikikaliwa na mtu inazama, na kila ikizama milimita 20 hivi usukani unasimama karibu nyuzi 1, maana yake ile 66 yangu ni ya baiskeli isiyo na mtu juu. Asubuhi tukafuta tukachora upya.

Kazi kubwa ni tupa. Ncha ya kila bomba inachongwa kama mdomo wa samaki ikumbatie bomba la mwenzie pasipite hata karatasi, siku nne fundi anasugua tu, wateja wake wa mageti wananuna. Kisha anatoboa vitundu vidogo ndani ya maungio hewa moto ipate pa kutokea, bila hivyo inatokea kwenye mshono wenyewe na kuacha matundu. Halafu gesi, unga wa boraksi wa kusaidia brasi ishike, na fito ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Chuma chenyewe hakiyeyuki, kinakuwa chekundu tu brasi inakimbia kuzunguka kama samli kwenye chuma cha chapati, nilisahau hata kula siku ile. Ndo maana nasema msimpelekee mtu wa kuchomelea mageti kwa umeme na fito, bomba la 0.9 analitoboa kabla hujamaliza kusema bismillah.

Kila akimaliza ungio tunafunga uzi kutoka shingoni unapita pembeni ya bomba la kiti mpaka nyuma kwenye ekseli, kushoto na kulia, nafasi zikilingana fremu imenyooka. Ya kwangu ilipishana milimita 1, fundi akaegemea kidogo ikakaa. Chuma kinakubali kurekebishwa, ile ya aluminiamu ukiegemea unaisikia inalia. Na nusura tugeuze ile bomba fupi ya pedeli, maana upande wa cheni nati yake inafunga kinyume, tuligundua moto umeshawashwa!

Mnaosema itaoza kwa chumvi ya Raskazone, sawa chuma kinakula kutu, sikatai, lakini zile baiskeli za Phoenix zinazoshusha mkaa mjini kila siku si za chuma? Ndani nimemimina oili nikaizungusha mabomba yote, chini kuna kitundu cha kutolea maji, rangi ikibanduka napaka. Na ndio imezidi ile ya zamani kama kilo moja na ushee, hiyo nawapa.

Ombi langu ni kwa wanaofundisha ufundi hapa mkoani. Fundi wangu umri umeenda na alichojua kuhusu brasi kwenye bomba jembamba alikipata kwa mzee wake, vijana wake wawili karakana wanajua mageti na vitanda tu, nao wamepita chuoni. Wawekeeni hata wiki mbili za gesi na brasi. Mji huu umejaa baiskeli namna hii, halafu fremu ikikatika tunaambizana kanunue nyingine.

Jumamosi napanda nayo Amani. Ikikatika njiani nitawaandikia tena, na safari hii nitaipeleka kwa mafundi walewale watatu wa Muheza.

Mzee wa Mabomba,
Chumbageni, Tanga