Pesa ya shaba haisuguliwi kwa ndimu

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, ile yenye picha ya mizani, hupanda thamani ikisuguliwa kwa ndimu na majivu hadi ing'ae. Hapa Lamu nimeonyeshwa moja iliyofanyiwa hivyo: ilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, na chini ya kioo cha kukuzia ilijaa mikwaruzo myembamba iliyoelekea upande mmoja, jambo ambalo mkusanyaji mzoefu huligundua mara moja. Ile rangi ya kahawia iliyokolea, ambayo wengi huiita uchafu, ni ngozi ya shaba yenyewe iliyojijenga kwa miaka, nayo huilinda. Mkwaruzo wa kale huwa na rangi ile ile ya uso. Unaong'aa ndani ni wa juzi. Cha kuogopwa ni unga wa kijani kilichopauka, unaopukutika ukiguswa kwa kijiti, kwa kuwa huletwa na chumvi, na chumvi kwetu haikosi hata hewani. Yenye unga huo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu