Salamu za Idi kutoka Malindi

Assalaam aleikum, ndugu, jamaa na majirani. Idi mubarak, minal aidina wal faizina. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, na atufikishe mwakani tukiwa wazima.

Nawaandikia nimetoka kuswali, kanzu ingali mwilini, na huko jikoni kaimati za Bibi zimeshaanza kupungua kabla hata mgeni mmoja hajabisha hodi. Malindi ni ileile mnayoijua. Takbiri tangu alfajiri, watoto wa Shela na Barani wanapita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi, na mabishano ya mwezi kama ada yetu.

Kuna jambo linalonijia kila Idi tangu mwaka 2023, na leo nimeona niliseme. Ijumaa ya tarehe 21 Aprili mwaka ule, siku iliyotangazwa kuwa mapumziko ya Idd-ul-Fitr, ndiyo siku polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, walikozikwa wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Wenzetu wataikumbuka mwezi ujao, itakapotimia miaka mitatu. Lakini kwa hesabu ya mwezi mwandamo imeshatimia, na kila mwaka itatukuta hapa hapa, kwenye Idi.

Nayo Idi ile ilianza kama hii. Tulikuwa tumezunguka sinia ya pilau simu zilipoanza kuita. Siku ya kwanza miili ilihesabika kwa vidole. Kufikia Jumatatu ilikuwa imepita 50, na kufikia Julai ikapita 400. Chumba cha maiti hapa mjini kilijaa, yakaletwa makontena yenye baridi. Msalaba Mwekundu wakaweka dawati la kuandikisha waliopotea, na watu wakaanza kushuka kwenye mabasi kutoka Nairobi, kutoka magharibi mwa nchi, kutoka kila upande: huyu ana picha kwenye simu, yule ana nakala ya kitambulisho cha bintiye ndani ya bahasha. Bibi alikuwa akiwapelekea chai ya tangawizi na mahamri. Wengi waliipokea chai wakaishika tu, mpaka ikapoa.

Kilichonikaa mimi ni neno. Wale wa msituni waliambiwa wafunge mpaka wafe. Ni neno lilelile tulilokuwa nalo midomoni mwezi mzima. Ila saumu tuliyofundishwa sisi ina daku na ina magharibi. Adhana ikilia tende imeshakaa mkononi, na kuharakisha kufuturu ni suna. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, msafiri ana ruhusa, mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa wakihofia. Kuunganisha siku kwa siku bila kufuturu Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba wake. Mtoto hana faradhi kabisa. Kule msituni saumu haikuwa na magharibi, na waliookoka walieleza kwamba watoto ndio waliotangulizwa. Februari 2024, mahakamani hapa Malindi, yalisomwa mashtaka ya mauaji ya watoto 191. Jina la mhubiri sitalitia kwenye salamu za Idi.

Nisieleweke kwamba nainua dini yangu juu ya ya jirani. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza karibu siku moja, na mwenzangu wa mlango wa pili, Mkristo, tumefunga pamoja tukitaniana nani atalegea kwanza. Naye ana Pasaka yake inakuja, ana siku ya kula. Nikimuuliza habari za Shakahola hutikisa kichwa, hataki kuzungumza, nami siku hizi siulizi.

Jana usiku tulipokuwa tukipima zakatul fitri, chakula cha maskini, mchele pishi kwa pishi, kila mtu wa nyumba na yake hadi mtoto mchanga, niliwaza kwamba chakula hiki lazima kitoke kabla ya swala. Yaani hatuendi uwanjani kufurahi huku kuna aliyelala na njaa. Nimepima mchele huo tangu utotoni, na sikuwahi kuufikiria hivyo kabla ya 2023.

Machi 2024, katikati ya Ramadhani, familia za kwanza zilikabidhiwa miili baada ya vipimo vya vinasaba. Familia moja ilipokea minne kwa mpigo. Wengine mpaka leo hawana kaburi la kuzuru. Serikali ilisema msitu ule utageuzwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Tukadhani basi yamekwisha, halafu mwaka jana makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, eneo lilelile la Chakama ulipo msitu wa Shakahola.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma salamu hizi na mna mtu wenu aliyebaki kule, poleni sana. Sina la kuongeza. Mkipita Malindi kufuatilia mambo yenu, nyumba yetu mnaijua, au ulizeni kwa Bibi wa kaimati.

Hapa nilipo mwanangu wa miaka sita amenisimamia, anataka mkono wake wa Idi. Ramadhani hii amefunga saumu za nusu siku, za kuishia adhuhuri, na mara mbili nilimkuta nyuma ya mtungi akinywa maji saa nne asubuhi. Hesabu yake ni kwamba nusu kumi ni tano nzima, kwa hiyo anadai za siku tano. Bibi amesema alipwe thelathini.

Idi njema.