Karai la saa nne na mioyo ya watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni la watu wazima, nalo ni lehemu, au kolesteroli kama wanavyoiita hospitalini, yaani aina ya mafuta yaliyomo katika damu.

Hivi karibuni nilimpelekea mjukuu wangu daftari alilolisahau nyumbani, nikafika shuleni kwao kengele ya mapumziko ya saa nne ikilia. Kwenye karai la mihogo mafuta yalikuwa meusi, yanatoa povu, na muuzaji alikuwa akimiminia mapya juu ya yale ya jana. Simlaumu mama yule, kwa sababu bei ya dumu la mafuta anaijua yeye, na nafasi ya kuuzia anailipia kwa kamati ya shule.

Mafuta ya mawese, ambayo wakaangaji wengi huyategemea, karibu nusu yake ni ya ile aina inayoganda yakipoa, na ndiyo inayopandisha katika damu lehemu mbaya, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa na kuiziba. Mafuta ya nazi, nasema kwa shingo upande maana mimi ni mtu wa Pwani, yamezidi hata hapo. Mayai, ambayo kila mtu huyanyooshea kidole kwa lehemu iliyomo kwenye kiini chake, naona yamesingiziwa mno, kwani sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini letu wenyewe.

Tusijidanganye kwamba madhara husubiri uzee. Katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana nchini Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia watoto mwaka 1973, na walipochunguza miili ya watoto na vijana waliofariki, wengi wao kwa ajali, waliikuta michirizi ya mafuta imekwisha kuanza ndani ya mishipa yao. Wala wembamba si kinga: takriban mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na lehemu ya juu ya kurithi, na mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Kwa hiyo familia ambayo baba au mjomba alianguka kwa moyo kabla ya kufika miaka 55 isisubiri mtoto anenepe ndipo ikampime damu.

Ninachoiomba kamati ile, na nyingine zinazopokea fedha za wauzaji, ni kwamba sehemu ya fedha hizo inunue mafuta ya alizeti na kuwafidia akina mama wanapomwaga yaliyochakaa, na mihogo ya kuchemsha, ndizi na machungwa vipewe meza ya mbele, karibu na lango. Pia kipindi cha michezo cha darasa la saba, ambacho siku hizi kimemezwa na majaribio, kirudishwe kwenye ratiba, kwani Shirika la Afya Duniani linataka mtoto auchangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na wajukuu wangu hawafikishi hata nusu yake.

Bibi wa wanafunzi wawili,
Dar es Salaam